Samuel Laycock na mzaha wakati wa njaa

Wapo wanaosoma mashairi ya lahaja ya Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, kama mtalii anavyotazama ngoma hotelini: yanachekesha, yanapendeza, basi. Mimi sikubali, na sababu yangu ni Samuel Laycock.

Alizaliwa Marsden, Yorkshire, mwaka 1826, na akiwa na miaka 9 tayari alikuwa kiwandani. Familia ikahamia Stalybridge, mji wa viwanda vya pamba, akawa mfumaji. Mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wao kwa wao, manowari za Kaskazini zikazifunga bandari za Kusini, na pamba ikakatika. (Vita hivyo hivyo ndivyo vilivyoadimisha kitambaa cha merikani huku Unguja.) Mashine zikasimama. Laycock naye akakosa kazi, akashika kalamu. Mashairi yake yalitoka magazetini, yakachapwa kwenye karatasi moja moja, na vijana wasio na kazi wakayaimba mitaani wapate chochote.

Linalokumbukwa zaidi ni "Welcome, Bonny Brid!". Baba anampokea mtoto aliyezaliwa wakati nyumba haina kitu. Karibu, anamwambia, ila hukupaswa kuja sasa. Hata mkate wa kuloweka kwenye maziwa wa Joe wetu hautoshi, lakini hayo wewe ungeyajulia wapi? Kisha anakumbuka alivyosimuliwa na babake, kwamba naye alizaliwa biashara ikiwa imedorora. Hapo anajikatiza: nisikutishe bure, ukaamua kurudi ulikotoka.

Mzaha huo ndio unaonimaliza. Uuweke katika Kiingereza cha bungeni uone: utageuka risala ya kuomba msaada. Baba huyu hamwombi mtu kitu. Anaongea na mwanawe kama wanavyoongea nyumbani kwao, sisi tumesimama tu mlangoni tukisikia.

Si yote yake ninayoyapenda. "God Bless 'Em! It Shows They'n Some Thowt!", la kuwashukuru waliotoa misaada, nalisoma kwa shida. Machi 1863, Stalybridge hiyo hiyo, watu walifanya ghasia kamati ya misaada ilipotaka kuwapa tiketi za kuchukulia bidhaa dukani badala ya fedha mkononi. Ukijua hivyo, shukrani ile inazidi kipimo. Mwenye watoto wa kulisha simlaumu kwa kushukuru, lakini ningekuwa mhariri wa diwani yake, hilo ningeliacha nje.