Presha ya macho Pemba: tuzunguke shehia zote au tuanze na wanaokuja?

Wapo wanaotaka kila Mpemba aliyefika miaka 40 apimwe pembe ya jicho, shehia kwa shehia, kuanzia Micheweni hadi Mkoani, ili presha ya macho ya pembe kuziba isimpofue mtu tena. Ukiwasikiliza, ni vigumu kuwakatalia papo hapo.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Njia yake ya kutokea ipo kwenye pembe, pale kioo cha mbele kinapokutana na duara lenye rangi linaloizunguka mboni. Umri ukienda, lenzi hunenepa na kulisukuma duara hilo mbele, pembe ikabana. Kwa wengine huziba ghafla: jicho jekundu, kichwa kinapasuka, taa zinaonekana zimezungukwa na rangi za upinde wa mvua, na kwa vile mtu anatapika, anaweza kutibiwa tumbo. Kwa walio wengi huziba polepole bila maumivu, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi. Leza hutoboa tundu dogo kwenye lile duara, maji yakapata njia ya pili, kazi ya dakika chache. Kwa nini basi tusimuwahi mtu?

Kwa sababu waliojaribu hawakupata walichotarajia. Mongolia, ambako ugonjwa huu umeenea kuliko kwetu, watu 4,725 wenye miaka 50 na zaidi waligawanywa: kundi moja likapimwa na waliokutwa na pembe finyu wakapigwa leza, jingine likaachwa. Baada ya miaka 6 ugonjwa haukupungua kwa waliopimwa. Guangzhou, China, watu 889 wenye pembe finyu walipigwa leza jicho moja, la pili likaachwa. Miaka 6 baadaye hali ilikuwa imezidi katika macho 19 yaliyopigwa leza dhidi ya 36 yaliyoachwa, na watafiti wenyewe wakasema leza ya kinga isitolewe kwa jumla. Watetezi wa upimaji husema muda ulikuwa mfupi, na wana haki: ilipofika miaka 14 ikawa 33 dhidi ya 105. Ila mengi ya hayo ni pembe kubana au kugandana tu. Glakoma yenyewe, yaani pale mshipa wa fahamu wa jicho unapokuwa umeshaharibika, ile inayopofua, ilikuwa macho 2 dhidi ya 4.

Kwangu mimi hata hiyo si hoja kubwa. Kubwa ipo Kongwa, Dodoma, ambako watu zaidi ya 3,200 wenye miaka 40 na kuendelea walichunguzwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Glakoma ya pembe kuziba: asilimia 0.59. Ya pembe wazi, yaani mshipa unaharibika ingawa pembe haikuziba: asilimia 3.1. Pemba si Kongwa, sawa, lakini mpimaji anayezunguka akitazama pembe peke yake atawaambia "uko salama" watu wanaopofuka kwa ile nyingine. Nao watamwamini.

Mimi ningeanza na wanaokuja wenyewe. Mtu akipita 40 huja kutaka miwani: msahafu haumsomekei, au uzi hauingii kwenye sindano ya kushonea kofia. Hapo hapo alipokaa, amulikwe tochi kutokea upande wa sikio. Duara likiwa bapa, mwanga hufika mpaka upande wa pua. Likiwa limesukumwa mbele, upande wa pua hubaki na kivuli. Haichukui nusu dakika. Kipimo hiki hukosea, si cha kuapia, lakini kinatosha kumchuja wa kupelekwa mbele. Na ule mshipa wa fahamu, nyuma ya jicho, utazamwe pia, na ndugu wa tumbo moja wa kila mgonjwa waitwe, maana ugonjwa huu hutembea kwenye familia.

Halafu kuna upasuaji wa mtoto wa jicho, ambao tunauhitaji kwa vyovyote. Kuitoa lenzi nene na kuweka ya bandia, nyembamba, huifungua pembe. Fedha za kuzungushia mashine ningezipeleka huko kwanza.

Anayenipinga anijibu hili: aliyekutwa Konde na pembe finyu, akaandikiwa karatasi ya kwenda kupigwa leza Unguja, nauli ya boti yake na ya wa kumsindikiza inatoka kwa nani?