Mwenye filimbi yuko wapi?

Kiangazi chetu cha kwanza Qingdao, huku China, kitu nilichokichukia kuliko vyote ufukweni ni filimbi. Umeingia na mtoto, maji hata kiunoni hayajafika, prrrii! Mlinzi juu ya kiti chake kirefu anapunga mkono: rudi. Mimi niliyekulia Msasani, Dar es Salaam, niliyejifunza kuogelea kwa kusukumwa na kaka zangu kutoka kwenye ngalawa, nirudi wapi? Nilikuwa namtukana kwa Kiswahili safi, na yeye anazidi kupuliza.

Sasa ni kiangazi cha nne. Wanangu wana miaka saba na mitatu na nusu, na mimi nimehamia upande wa filimbi.

Tunakwenda Ufukwe Namba Moja, kwenye ghuba ya Huiquan. Hauna kiingilio, unashuka kwenye basi na ndoo yako. Jumamosi ya Agosti mchanga huuoni, ni hema na miavuli mwanzo hadi mwisho, utadhani kambi. Bahari ya Njano haina joto la kuogelea mpaka Julai, na Septemba ikiisha shughuli imeisha. Sisi ambao maji yetu ni ya uvuguvugu mwaka mzima hatuwezi kuelewa watu wanavyoigombania hiyo miezi mitatu. Kabla ya msimu wanatandaza wavu wa kuzuia papa na kupanga maboya. Ukivuka boya, filimbi.

Halafu kuna bibi zao. Huku mtoto mdogo huletwa bichi na bibi yake, na bibi huyo hajihesabu kuwa bibi wa mmoja. Mwanangu akitoka majini anatetemeka, sijafungua hata kanga, mama mtu mzima nisiyemjua ameshamfunika taulo lake na kummiminia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai. Maji ya moto, ufukweni, Agosti! Nilikozoea mimi, mtoto akitoka baharini anapewa dafu. Mmoja aliwahi kunigombeza kwa kumwacha kijana juani bila kofia: ataungua awe mweusi. Nikamwambia, bibi, umechelewa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jua wanaliogopa kweli. Wapo wanawake wanaoogelea wamevaa soksi ya kichwa kizima, imetobolewa macho, pua na mdomo tu, inakinga jua na viwavi vya baharini. Vazi hilo lilizaliwa mji huu huu. Mwanangu mdogo alipowaona mara ya kwanza alipiga kelele "Ninja!" na kukimbilia mgongoni kwangu. Leo anawapungia mkono. Bia nayo inauzwa kwa kupimwa na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, mtu anatembea nayo na mrija, na watoto kila mara wananiomba hiyo "juisi". Kwetu mifuko yenyewe ilipigwa marufuku Juni 2019.

Nisichokizoea ni simu. Mtu anakuja, "xiao pengyou, xiao pengyou", rafiki mdogo, na kabla hujajibu ameshamshika binti nywele zake za twende kilioni na kupiga picha. Najua hawana nia mbaya. Lakini mtoto aliyekuja kujenga nyumba ya mchanga hakuja kuwa maonyesho, na siku hizi nakataa bila kutabasamu. Binti mwenyewe ameshajifunza kusema "bu yao", sitaki, kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Maji yakipwa, hayo yote yanasahaulika. Wenyeji wanatoka na ndoo, reki ndogo na chumvi. Wanaita ganhai, yaani kuiwahi bahari. Unatafuta tundu kwenye mchanga, unatia chumvi kidogo, unasubiri, na kombe mrefu mwembamba kama wembe wa kinyozi anachomoza mwenyewe. Wanangu wanaweza kuinama hapo saa nzima. Nawatazama namwona bibi yangu Jambiani, Zanzibar, bamvua imetoka, kanga imefungwa kiunoni, anachokoa pweza. Na mwaka ambao mwani wa kijani ulijaa ufukweni (tangu 2008 huletwa na mikondo ya bahari karibu kila kiangazi, mpaka magreda yanaletwa kuusomba) binti aliniuliza kwa nini hawauaniki wakauza, kama wanawake wa Jambiani.

Basi hoja yangu ni hii. Dar mtoto ana bahari za aina mbili. Ya kwanza iko nyuma ya ukuta wa hoteli. Unalipa, unapata kiti na labda mtu wa kuangalia bwawa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini, ila kuta nyingine zinanyeshewa na mawimbi. Ya pili ni Coco, ya wote, mihogo na mishikaki, raha yake siibadilishi na Qingdao nzima. Lakini hiyo ya bure ndiyo tunayomwachia Mungu. Kila sikukuu tunasikia tangazo la kupiga marufuku disko toto, halafu watoto wale wale wanamiminika baharini, mkubwa wa miaka kumi kashika mkono wa mdogo wa minne. Tumelizuia disko, bahari tumeiacha wazi. Mlinzi, kiti kirefu, kamba ya maboya: havizidi uwezo wa jiji linalokusanya ushuru wa kila meza ya mihogo.

Likizo iliyopita niliwapeleka Coco, Idi Mosi, maji yanajaa. Binti alisimama ukingoni na boya lake mkononi, akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Mama, mwenye filimbi yuko wapi?"

Nikamwachia dada yangu sahani ya mihogo, nikaingia majini na baibui langu mpaka kiunoni, nikawageuzia mgongo mawimbi. Niliporudi ilikuwa imepoa.