Anayejifunza Misimu ya Kimarekani Aanze na Maneno Madogo

Orodha za misimu na nahau za Kimarekani ni nyingi, na karibu zote zimepangwa kwa mtindo mmoja: msemo upande wa kushoto, maana upande wa kulia. Msomaji huambiwa kwamba "spill the beans" ni kutoboa siri, kwamba "hit the sack" ni kwenda kulala, na kwamba kitu kinachogharimu "an arm and a leg" ni kitu cha bei ya kuruka. Maana hizo ni sahihi. Ninachokipinga ni mpangilio wenyewe, kwa sababu humwandaa mgeni kwa misemo ambayo huenda asikutane nayo mwezi mzima, na kumwacha mikono mitupu mbele ya ile atakayokutana nayo siku ya kwanza. Misemo ya siku ya kwanza haina madoido yoyote. Imeundwa kwa maneno ambayo mwanafunzi wa darasa la tano anayajua, na kwa kuwa anayajua, hakuna anayeona haja ya kumfundisha.

Mfano ulio wazi ni "I'm good". Mtu akikaribishwa chai akajibu hivyo, hajasema kwamba ni mzima wala kwamba ni mwema; ameikataa chai kwa adabu, na mwenyeji ataliondoa birika. "You're all set" ya karani wa benki ina maana kwamba shughuli yako imekwisha na mtu aliye nyuma yako anasubiri. "I'm down" na "I'm up for it", ijapokuwa moja inashuka na nyingine inapanda, zote husema kwamba msemaji yuko tayari kushiriki. "Shut up!" ikitoka kwa rafiki aliyesikia umepata kazi si amri ya kunyamaza bali ni mshangao wa furaha, sawa kabisa na "Acha bwana!" ya Dar es Salaam au "Wacha!" ya Nairobi. Na "How are you?" ya kwenye korido si salamu ya kusimama na kuulizana habari za nyumbani, watoto na kazi, bali hujibiwa kwa neno moja au mawili huku miguu ikiendelea kutembea.

Wapo wenzetu wanaowashutumu Wamarekani kwa unafiki kwa sababu ya msemo "we should get together sometime", ambao huonekana kuwa mwaliko na haufuatwi na siku wala saa. Mimi siuoni unafiki huo. Sisi nasi humwambia mpita njia "Karibu tule", naye hujibu "Starehe" na kuendelea na safari yake, wala hakuna anayemwita mwenzake mnafiki, kwa sababu pande zote mbili zinajua kilichosemwa. Tofauti ni kwamba mpita njia wetu amekulia ndani ya desturi hiyo, ilhali mgeni wa Marekani hajakulia ndani ya ile nyingine, na hakuna aliyemwambia kwamba mwaliko usio na tarehe ni namna ya kuagana tu.

Kama ningepewa darasa la wageni, asubuhi ya kwanza ningefundisha kitenzi "let go". Mchukulie mtu aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma akapelekwa Kentucky au Texas, kama walivyopelekwa Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, na akapata kazi ya kufungasha mizigo katika ghala. Siku moja msimamizi anamwita pembeni, anashusha sauti na kumwambia, "We're going to have to let you go." Kila neno katika sentensi hiyo analijua. Anasikia kwamba anaruhusiwa kwenda, pengine kwa kuwa mizigo ya leo imepungua, anashukuru na kuchukua koti lake. Kesho yake anafika kama kawaida na kukuta kitambulisho chake hakifungui mlango. Amefukuzwa kazi, kwa lugha iliyochaguliwa ili isimuumize, na upole wa lugha hiyo ndio uliomnyima habari. Jioni rafiki yake akimpigia simu, wakazungumza, kisha yule rafiki akamwambia "I'll let you go", kitenzi ni kile kile lakini maana imegeuka: sasa ni njia ya adabu ya kukata simu, ambayo humfanya msikilizaji aonekane ndiye mwenye haraka.

Yapo maneno ambayo gharama ya kutoyaelewa inazidi kazi. Tarehe 17 Oktoba 1992, mjini Baton Rouge katika jimbo la Louisiana, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi wa Kijapani wa miaka 16 aliyekuwa Marekani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alikuwa akienda kwenye sherehe ya Halloween pamoja na kijana wa familia iliyompokea, wakabisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe. Mwenye nyumba alitokea na bastola, akapaza sauti: "Freeze!" Hattori aliendelea kumsogelea, akapigwa risasi ya kifuani, akafa. Mwaka uliofuata mwenye nyumba alionekana hana hatia katika kesi ya jinai, ingawa baadaye kesi ya madai iliwapa wazazi wa marehemu haki ya fidia. Huko Japani, pamoja na hasira kuhusu bunduki, liliibuka swali kuhusu neno lenyewe, kwa maana mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba "freeze" ni kuganda, jambo linaloyapata maji na nyama ya kwenye jokofu, na si amri anayopewa mtu kwamba asitikisike hata kidole. Lawama ya kifo kile ni ya risasi, si ya msamiati, na sitaki kumtwisha marehemu mzigo usio wake. Lakini mwalimu anayeijua habari hiyo, na bado akawaanzishia wageni somo kwa misemo ya kulala na kutoboa siri, inampasa ajieleze.

Louisiana hiyo hiyo imetupa mfano mwingine, na huu unaonyesha kwamba si wageni peke yao wanaoponzwa. Mshukiwa mmoja aliyekuwa akihojiwa na polisi aliwaambia kwamba, kama wanadhani ametenda kosa lile, basi kwa nini wasimpe tu "a lawyer dog". Hivyo ndivyo nukuu ya mahojiano ilivyoandikwa, bila koma. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi neno "dog" (mbwa), ambalo wengi huliandika "dawg", ni namna ya kumwita mtu, kama vijana wetu wanavyomaliza sentensi kwa "mwanangu" au "mshikaji"; mshukiwa yule alikuwa akisema, "nipeni wakili basi, mshikaji." Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Louisiana ilikataa kulisikiliza dai lake kwamba polisi walipaswa kukoma kumhoji papo hapo, na Jaji Scott Crichton, katika maelezo yake ya kuunga mkono uamuzi huo, aliandika kwamba kutaja "lawyer dog" kulikuwa na utata na hakukuwa sawa na kuomba wakili. Ni kweli kwamba sentensi ya mshukiwa ilianza na "kama", na hapo sheria, inayotaka ombi la wakili liwe wazi, ilikuwa na mahali pa kuegemea. Hata hivyo, jaji aliyezaliwa na kulelewa katika nchi ile, anayeishi kati ya watu wanaosema hivyo kila siku, aliona ni sawa kumweka mbwa ndani ya sentensi ambayo kila kijana wa New Orleans angeielewa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoichukulia misimu kama mapambo ya lugha.

Baada ya hayo ndipo misemo yenye madoido inapopata nafasi yake, na kwa maoni yangu nafasi hiyo ni ya somo la historia kuliko la mazungumzo. Sehemu kubwa yake imetoka katika besiboli, mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama hadi mwisho. "Rain check" ilikuwa kibali alichopewa mtazamaji ambaye mechi yake imevunjwa na mvua, ili aje siku nyingine bila kulipa tena. Leo anayeomba "rain check" anaahirisha mwaliko wako. "Ballpark figure" ni makadirio, na "curveball" ni jambo linalomjia mtu kwa njia asiyoitarajia. Katika mchezo huo mpigaji anayehesabiwa "strike" tatu, yaani mipira aliyoshindwa kuipiga ipasavyo, hutolewa, na kutokana na kanuni hiyo ukazaliwa msemo "three strikes and you're out", ambao ulitoka uwanjani ukaingia bungeni. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya jina hilo mwaka 1993 na California ikafuata mwaka 1994; ile ya California ilisema kwamba mtu aliyekwisha kutiwa hatiani kwa makosa mawili mazito, akitenda la tatu, afungwe miaka 25 hadi maisha. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliiacha adhabu hiyo isimame juu ya Gary Ewing, mwizi mzoefu ambaye kosa lake la mwisho lilikuwa kuiba fimbo tatu za gofu. Wapiga kura wa California waliilegeza sheria hiyo mwaka 2012. Ninaamini msemo ule ulichangia sana kuipitisha: adhabu iliyofungwa ndani ya kanuni ya mchezo unaopendwa husikika kuwa ya haki kabla mtu hajaipima.

Misemo mingine imebeba mambo ambayo wanaoitumia wameyasahau. Anayelalamika ofisini kwamba wenzake wamemsaliti husema "they sold me down the river", na mto huo ni Mississippi, ambako watumwa kutoka majimbo kama Kentucky walipelekwa kuuzwa katika mashamba ya pamba na miwa ya kusini, mbali na wake, waume na watoto wao. Kampuni ya simu inapomwambia mteja wa zamani kwamba "you're grandfathered in", yaani ataendelea na bei ya awali ingawa wapya watalipa zaidi, inatumia neno lililotokana na sheria za uchaguzi za kusini baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1898 (Louisiana tena) iliweka masharti ya elimu na mali kwa wapiga kura, kisha ikawasamehe wale ambao wao wenyewe, baba zao au babu zao walikuwa na haki ya kupiga kura tarehe 1 Januari 1867. Tarehe hiyo haikuchaguliwa kwa bahati: wakati huo Weusi wa Louisiana walikuwa bado hawajapata haki hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizibatilisha sheria za namna hiyo mwaka 1915, lakini babu yule amebaki katika mikataba ya simu na ya nyumba.

Wamarekani Weusi ndio waliotoa sehemu kubwa ya misimu ambayo dunia nzima huiita ya Kimarekani. "Cool" kwa maana tunayoijua leo ilienea kupitia wanamuziki wa jazi, na inapendeza kwamba Kiswahili nacho kimefika pale pale kwa "poa". "Woke" ni mfano unaosikitisha. Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly, akizungumzia masaibu ya vijana tisa Weusi waliokamatwa Alabama mwaka 1931 kwa tuhuma za uongo za ubakaji, aliwaasa watu wake wanaopita huko wawe macho: "stay woke". Lilikuwa onyo la mtu anayejua kwamba uzembe kidogo unaweza kumfikisha kwenye kitanzi. Mwaka 2022 jimbo la Florida lilipitisha sheria ambayo walioitetea waliibatiza jina la kuizuia "woke", na siku hizi, katika vinywa vya wengi, neno hilo ni tusi. Orodha inayosema tu kwamba maana yake ni "kuwa macho" itamfanya mgeni alitamke mbele ya watu bila kujua ameegemea upande gani.

Kwa sababu hiyo sina shida na vijana wa Nairobi au Dar es Salaam wanaosema "bet" (sawa, tumekubaliana) na "no cap" (sisemi uongo) wao kwa wao, kwa kuwa misimu imekuwa ikiazimwa siku zote. Ninachowashauri wanaohamia kule ni kuelewa mengi na kutamka machache, hasa katika miezi ya kwanza, kwa maana msimu ukitoka katika kinywa kisichotarajiwa humfanya msikilizaji aache kusikiliza hoja na kuanza kumpima msemaji. Lile neno linaloanza na herufi N, tusi la kibaguzi dhidi ya Weusi, ambalo kijana hulisikia mara ishirini ndani ya wimbo mmoja, lisitamkwe kazini wala shuleni kwa hali yoyote, hata kama mwenzako Mweusi aliyezaliwa pale analitumia mbele yako.

Wakimbizi waliokubaliwa kwenda Marekani wamekuwa wakipewa mafunzo ya utangulizi kabla ya kusafiri, na walioshinda viza ya bahati nasibu wamekuwa wakijitafutia wenyewe. Kwa makundi yote mawili ningependekeza kurasa mbili za mwanzo zenye "freeze", "pull over" (simamisha gari pembeni), "step out of the vehicle" (shuka garini), "let go", "call in sick" (kupiga simu kazini kusema unaumwa), "I'm good" na "you're all set", kila moja ikiwa na mahali inaposemwa, anayeisema na kinachotakiwa kufanywa sekunde inayofuata. Ningeongeza sentensi nzima ya kuomba wakili, isiyo na "kama" wala jina la utani mwishoni: "I want a lawyer." Na ningeweka swali ambalo Wamarekani, kwa jinsi ninavyowafahamu, hawalichukii hata kidogo na hulijibu kwa subira kubwa, nalo ni "What do you mean by that?"