Bikoni ya Mbuzi

Ati niongeze hela ya kufyeka! Nimelipia mpima ardhi, nikalipia nauli yake, nikalipia soda ya mjumbe aliyekuja kushuhudia, leo naambiwa jipiesi, kile kipimo cha setilaiti, haishiki vizuri chini ya miembe, kwa hiyo tufyeke njia tuweke ile mashine ya miguu mitatu.

Nami ni mtu mwenye kiwanja. Pongwe, hapa Tanga, ishirini kwa ishirini. Ishirini za nini, usiniulize; mzee aliyeniuzia alihesabu hatua, na siku ile miguu yake ilikuwa mifupi ajabu.

Basi bwana mpima kaenda kusimamisha mashine kule shuleni. Nikamwuliza kwa upole wa mwenye mali: "Injinia, mbona unapima cha watu?" Ati lazima aanzie kwenye alama inayojulikana serikalini, ndipo avute vipimo mpaka kwangu. Akavuta. Akavuta mpaka akatokea jikoni kwa bibi jirani, ambaye chake kilipimwa zamani na bikoni yake, ile alama ya mpaka ya wapimaji, ndiyo mpaka wangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu, karibuni. Hilo jini lenu la miguu mitatu libaki nje."

"Bibi, ramani inaonyesha hapa pana bikoni."

"Lile zege lenye nondo? Lipo, nimelifungia mbuzi. Lilikuwa laning'oa kucha kila nikienda chooni, mjukuu akalisogeza. Kidogo tu, hapo penye majani."

Penye majani ni katikati ya sebule yangu! Sebule ya kwenye karatasi, lakini sebule. Nikajikohoza, nikamweleza kwamba kuna Sheria ya Upimaji Ardhi, Sura ya 324, na bikoni haihamishwi. Bibi akaniuliza mimi mtoto wa nani. Tanga hii, ukishaulizwa hivyo kesi umeshindwa. Nikataja.

"Mama yako kazaliwa mikononi mwangu. Kaa unywe chai."

Sura ya 324 ikaishia hapo. Injinia naye kaketi, anamega mkate wa kumimina, na namlipa kwa siku mimi! Mbuzi yuko sebuleni kwangu anacheua.

Ofisini jalada linatafutwa. Fundi kapiga simu, kokoto zimepanda. Hati ya miaka 99 naitaka, ila kwa mwendo huu atakuja kuisaini kitukuu. Na bodaboda wa kuturudisha mjini anadai nauli ya watatu, ati mashine nayo abiria, tena kasimama sheli mimi ndiye nitoe ya mafuta, na helmeti yenyewe haina kamba...