Gari la Umeme na Ugomvi wa Darini

Niliponunua gari la umeme niliambiwa nimeshaagana na mafundi. Muuzaji alinihesabia kwa vidole: hakuna oili ya injini, hakuna plagi, hakuna mkanda wa taimingi, hakuna ekzosi ya kutoboka. Kila akikunja kidole, mimi nachekelea. Vidole vikamwishia. Laiti angekuwa na kimoja zaidi, labda angenitajia kwamba juu ya paa kuna dirisha, dirisha lina mota, na mota haijali gari linakula petroli au linakula umeme. Ikiamua kufa, inakufa.

Na wala si lazima gari la umeme liwe na dirisha la namna hiyo. Mengi siku hizi yana paa la kioo lisilofunguka hata ulibembeleze. Walioyatengeneza walipiga hesabu: betri imelazwa chini, sakafu imeinuka, sasa ukiongeza reli na mota na pazia darini, abiria mrefu atasafiri shingo upande. Wakabandika kioo, wakamaliza kazi. Mimi nikayapita yote hayo nikatafuta linalofunguka, maana nilitaka upepo. Kumbe ukilifungua kwenye mwendo mkali, upepo wenyewe unakupiga masikioni buu, buu, buu, na chaji inakwisha upesi zaidi kwa sababu gari linapambana na hewa. Sawa. Upepo ni upepo.

Tatizo lilianza kwa mlio. Kwenye gari la petroli mlio ule usingeusikia, injini ingeufunika. Hili langu likitembea unasikia mpaka aliyekaa nyuma akimeza mate. Basi mota ilipoanza kukoroma darini, sote tulinyamaza kuisikiliza. Krrr, krrr, tak. Kioo kinasogea kidogo, kinasimama, kinafikiri, kinarudi.

"Hili ndilo lile gari lisilo na kelele?" akauliza mama watoto.

Nikajifanya natazama kioo cha pembeni.

Haikupita muda likagoma katikati. Halifunguki, halifungiki. Na mawingu, ambayo asubuhi nzima hayakuwepo, yakaanza kujikusanya kuja kuona kuna nini.

Watu watakwambia, "Si kuna njia ya kufunga kwa mkono?" Ipo. Magari mengi yana tundu dogo kwenye mota yenyewe, unachomeka spana ya L na kuzungusha. Ila kabla ya kuliona hilo tundu ubandue kwanza taa ya darini, halafu uzungushe huku mikono iko juu na damu yote imeshuka mabegani, uzungushe mpaka uanze kukumbuka madeni ya zamani, ndipo kioo kisogee upana wa ukucha. Mvua ilikuwa na haraka kuliko mimi. Nikaishia kwenye nailoni na utepe wa gundi.

Hapo ndipo gari nalo likaanza kunitangaza. Nikiingia, skrini inaniambia dirisha la paa liko wazi. Nikishuka, linalia, dirisha la paa liko wazi. Nimelala kitandani, simu inatetemeka chini ya mto: dirisha la paa liko wazi. Najua! Nimelifunika mimi mwenyewe kwa mikono yangu miwili! Gari linajua lina tatizo, linajua liko wapi, linajua mwenye gari yuko usingizini, isipokuwa kujitengeneza tu ndiko halijui.

Tukaanza kutafuta fundi. Wa kwanza alikuja vizuri, kasimama vizuri, mpaka niliposema ni la umeme. Akarudi hatua nyuma na mikono akaitia mfukoni.

"Bosi, hilo lina umeme wa kuua mtu."

Sikatai, linao. Betri ya kuendeshea kwenye magari mengi ya aina hii ina volti kama 400, na nyaya zake zimevalishwa rangi ya chungwa ili kila mwenye macho ajue pa kutogusa. Lakini mota ya dirisha la paa haina habari na huko. Inakula volti 12 kutoka betri ndogo, pamoja na honi, redio na taa ya ndani. Ni mota ya aina ile ile anayoitengeneza kila siku kwenye magari ya petroli. Nikamweleza yote hayo kwa utulivu, akasikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza kama nina uhakika umeme wa kule chini haupandi juu. Upande juu kufanya nini, fundi? Kuota jua?

Wa pili alikubali kazi kwa sharti nisimame nje na mti mkavu mkononi, tayari kumchomoa likitokea la kutokea. Nikaona huyu naye tutamzika bure.

Aliyekuja kuifanya kazi ni kijana mmoja mpole, msemaji wa maneno machache, ana mita yake ya kupimia. Akaangalia fyuzi: nzima. Akapima kwenye waya: umeme unafika. Akabonyeza swichi, akatega sikio darini, akaguna. "Mota," akasema. Nikampenda papo hapo.

Tukaagiza mota. Katika kuisubiri, asubuhi moja nakwenda kwenye gari, kimya. Si kile kimya chake cha kawaida cha majivuno. Hiki ni cha maiti. Mlango haufunguki kwa simu, skrini nyeusi. Usiku uliopita nililiacha na chaji zaidi ya asilimia 80! Kijana akanieleza kwenye simu: betri kubwa imejaa, lakini ndogo imekwisha, na bila ndogo kuamka, kubwa haiwezi kuunganishwa. Akashuku kwamba kompyuta ya dirisha ilikuwa inakesha ikijaribu kumaliza kazi ya kufunga, ikainywa betri ndogo mpaka tone la mwisho. Yaani nimekalia umeme wa kunisafirisha masafa marefu, na sina wa kuwasha taa ya ndani.

Jirani yangu ana gari la petroli. Tangu ninunue langu nilikuwa nampa nasaha kuhusu moshi. Siku hiyo alikuja na nyaya zake za kubusti, taratibu, kama anayeingia msikitini. Akazichomeka kwenye betri yangu ndogo, akawasha injini yake, ikanguruma. Hakusema neno. Akanitazama tu, akaongeza moto kidogo ambao hata haukuhitajika, moshi ukanipita usoni.

Mota ikafika. Ndogo, ya kuenea kiganjani, imefungwa vizuri kwenye boksi. Kijana akaigeuza, akaitazama ubavuni, akaguna tena. Sasa guno lake nilikuwa nimeshajifunza kuliogopa.

"Hii ni ya pazia."

Kumbe dirisha refu la aina hii lina mota mbili. Moja inasukuma kioo, nyingine inavuta pazia la ndani. Ni pacha. Umbo moja, plagi moja, namba ndefu ubavuni zinafanana mwanzo mpaka karibu na mwisho, halafu herufi ya mwisho inatofautiana. Tulikuwa tumeandika namba sahihi, muuzaji akatuma pacha wake. Tukairudisha. Nilimwona kijana anaifunga upya kwenye boksi polepole, kama... hapana, basi tu, aliifunga polepole. Nilipaswa kuuliza anawaza nini.

Ya kioo ilipokuja, ndipo tukaanza kushusha dari. Mimi nilidhani ni skrubu mbili na taa. Wacha! Vikinga jua vya mbele vinatoka. Vishikio vya abiria vinatoka. Mapambo ya nguzo za pembeni yanatoka, na kila kibanio kinatoka kwa mlio wa kitu kilichovunjika hata kama hakijavunjika, paa! na kila ukisikia paa! roho inashuka. Kabla ya hapo kijana alikata betri ndogo na kuniambia tusubiri dakika kadhaa, kwa sababu kwenye kingo za dari mle ndani imekunjwa mifuko ya hewa ya pembeni, na plagi zake za njano hataki kuzichezea zikiwa na umeme. Nikasubiri mbali. Mbali kabisa. Niliyemcheka yule wa mti mkavu nikamkumbuka.

Tulipoiona mota ya zamani nilishikwa na hasira. Skrubu tatu za kichwa cha nyota, plagi moja, basi. Pembeni yake zinapita nyaya mbili za chuma zilizosokotwa mfano wa nyuzi za skrubu, na katikati kigia kidogo chenye meno. Kigia kikizunguka, waya huu unasukumwa, ule unavutwa, kioo kinatembea kwenye reli pande zote mbili kwa pamoja. Kijana akaifungua: ndani kuna gia ya plastiki, meno ya upande mmoja yamelika, grisi imegeuka nyeusi na kukauka, ukiikwangua inatoka vipande. Hicho ndicho kilichonilaza na nailoni. Gari linaongeza mwendo mpaka mgongo unagandamana na kiti, na limeangushwa na meno ya plastiki.

Akasafisha reli, akazipaka grisi mpya, akahakikisha kioo kimekaa palepale pa kufunga, kushoto na kulia sawasawa, ndipo akaipachika. Nikabonyeza swichi. Kioo kikasogea kidogo kikasimama. Nikabonyeza tena. Kikasogea kidogo kikasimama.

"Haijafundishwa," akasema.

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mota mpya haijui wapi ni wazi na wapi ni kufunga. Ndani yake kuna kihisi kinachohesabu mizunguko, na mpaka ihesabu kutoka mwanzo hadi mwisho, haina imani na mtu. Isipofundishwa sawasawa inaweza hata kugusa mpira wa kuzibia ikadhani ni kidole cha mtoto, ikafungua tena upesi kuokoa maisha. Wazo zuri, sikatai, ila kwenye mvua linaokoa maisha ya nani?

Somo lenyewe ni hili: unabonyeza swichi ya kufunga, hauachii. Kioo kitakaa kimya. Hauachii. Kitashtuka, kitafunguka chote, kitafunga chote, chenyewe. Hauachii. Ukiachia, mwanzo. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye gari, nikapewa heshima ya kubonyeza. Kidole kikianza kufa ganzi, mbu akatua puani. Simu ikaita. Mtoto akaja kuuliza baba unafanya nini, kwa nini umekodoa macho? Kioo kimefika robo tatu, mbu ameanza kula, kijana ananikazia macho ananiambia "bado, bosi, bado." Nikamlisha mbu mpaka akashiba na kuondoka kwa hiari yake. Kioo kikafika, kikakaa, tik.

Skrini ikanyamaza. Nilingoja ilete neno, haikuleta.

Jumapili nikawapakia wote, nikafungua dirisha mbele ya jirani kwanza, taratibu, asikie kwamba hakuna cha kusikia. Tukatoka. Hatukufika mbali.

"Baba watoto, funga, upepo unaharibu nywele."

Nikafunga. Kwa mguso mmoja! Kikaenda chenyewe, laini.

"Na jua linanichoma kichwani. Vuta na pazia."

Nikabonyeza ya pazia. Krrr, krrr, tak.

Gari zima kimya. Nikabonyeza tena. Krrr. Nikasimama pembeni nikampigia kijana, nikaishika simu juu, nikabonyeza mara ya tatu ili asikie mwenyewe. Akasikiliza. Akaguna.

"Bosi, unaikumbuka ile mota tuliyoirudisha..."

"Usimalizie."

Akamalizia.