Paa Likivuja Kambini, Nani Aulizwe?

Hapa Nairobi, choo kikiziba na mwenye ploti akikataa kushika simu, mpangaji humaliza mwezi, akapakia godoro na mtungi wa gesi kwenye mkokoteni, akahamia ploti nyingine. Mke wa mwanajeshi anayeishi kambini hawezi. Nyumba ilikuja na kazi ya mumewe, na itaondoka kwa amri ya uhamisho. Ukuta ukiota kuvu wakati wa mvua za Machi hadi Mei, yeye na watoto wanasubiri fundi.

Wapo wanaotaka serikali iache kabisa kazi ya kutunza nyumba za askari: izikabidhi kwa kampuni, au impe kila mmoja marupurupu akapange anakotaka. Hoja yao ina uzito. Nyumba mpya huwekewa jiwe la msingi na wakubwa wakahudhuria, lakini kubadilisha mabomba yaliyooza hakuna sherehe, ndiyo maana fungu la ukarabati hukatwa mapema. Ya jeshini hatuyaoni sana kwa sababu ya ukuta wa kambi. Ya polisi tumeyaona: familia mbili ndani ya chumba kimoja, pazia katikati, hali iliyokuwa ikilalamikiwa tangu siku za kikosi kazi cha mageuzi ya polisi cha jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009. Septemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza polisi wapewe marupurupu ya nyumba na waishi miongoni mwa raia. Wapo waliopumua. Lakini marupurupu yale hayanunui usalama wa mtaa, na askari wa cheo cha chini huishia palepale kodi inapomruhusu.

Kwa jeshi, kuondoka kambini ni jambo zito zaidi. Tangu majeshi yetu yaingie Somalia Oktoba 2011, kambi kama Kahawa na Langata zimekuwa na wanawake wanaolea watoto peke yao kwa miezi. Jirani wa kambini anajua maana ya simu isiyopatikana. Habari mbaya zikija, kama zilivyokuja Januari 2016 kutoka El Adde, kambi ya wanajeshi wetu iliyoshambuliwa huko Somalia, hakuna haja ya kumweleza kitu; atakuja kukaa nawe. Ploti ya mtaa wa Zimmerman, hapa Nairobi, haina hilo, hata kama bomba lake halivuji. Hili ndilo linanifanya nisiunge mkono wito wa kuzifunga nyumba za kambini.

Na kampuni je? Uingereza ilijaribu. Mwaka 1996 iliuza nyumba zaidi ya 57,000 za familia za wanajeshi kwa kampuni ya Annington kwa pauni bilioni 1.66, kisha ikazikodi, huku matengenezo yakibaki juu ya Wizara ya Ulinzi. Familia ziliendelea kulalamikia unyevu na mitambo ya joto iliyokufa wakati wa baridi. Januari 2025 serikali ilinunua tena nyumba zaidi ya 36,000 kwa takribani pauni bilioni 6.

Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikaziachia kampuni ujenzi na ukarabati vyote. Desemba 2021 kampuni ya Balfour Beatty Communities ilikiri mahakamani kosa la ulaghai: kumbukumbu za matengenezo zilibadilishwa ili ipate bonasi ya utendaji, na ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 65 za faini na fidia. Kesi ile iliniuma. Kwenye karatasi nyumba zilihesabiwa zimetengenezwa kwa wakati, na hakuna aliyewauliza waliolala ndani yake.

Kwa hiyo swali la nani amiliki nyumba naliona la pili. La kwanza ni kama mwenye kuishi humo anaweza kusema. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Ibara ya 24(5) inaruhusu sheria iiwekee mipaka haki hiyo kwa wanaohudumu katika jeshi na polisi, pamoja na haki za kazi na za kukusanyika. Sababu za nidhamu nazielewa. Lakini ibara ile inataja wanaohudumu. Mke hahudumu, mtoto anayekohoa kwa sababu ya kuvu hahudumu. Wao ni raia kamili, ila malalamiko yao hupita kwa afande mwenye mume mkononi, na mke hunyamaza asije akamharibia kazi.

Huko Marekani, wake wa wanajeshi walitoa ushahidi mbele ya Seneti Februari 2019, na sheria iliyofuata ikawapa wapangaji haki ya kuomba kodi izuiliwe mgogoro unapoendelea. Hapa tunaweza kuanza na dogo: mkandarasi asilipwe mpaka anayeishi ndani ya nyumba atie sahihi kwamba bomba limepona, na lalamiko lisiandikwe jina wala namba ya kikazi ya askari, bali namba ya nyumba. Mkaguzi atoke nje ya mlolongo wa vyeo. Kama usalama unatia hofu, apekuliwe langoni na aongozane na afisa, mradi aingie jikoni na kugusa ukuta.