Ozoni ya mchana Mombasa: nani azime injini kwanza?

Saa saba mchana, msimu wa kaskazi, foleni ya feri Likoni. Magari yamesimama lakini injini zinanguruma, viyoyozi vinavuma, na jua liko utosini. Ozoni ya chini, gesi iliyo karibu na ardhi tunapovuta pumzi, hupikwa hivyo. Haitoki kwenye ekzosi ikiwa tayari. Huzaliwa pale oksidi za nitrojeni za moshi zinapokutana na mvuke wa petroli, rangi na thina chini ya jua kali. Ile ya juu angani hutukinga na miale. Hii ya chini huchoma mapafu, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kubanwa.

Ushauri wa kawaida ni zima injini ukisimama, jaza mafuta jioni, paka rangi jua likishatua. Una mantiki: mvuke wa usiku hauna jua la kuupika. Kuzima injini hata kunakuokolea mafuta, kwa hiyo hapo sioni kisingizio.

Kujaza jioni ni jambo jingine. Dereva wa tuktuk Kongowea hanunui tangi zima. Hutia ya shilingi mia mbili, apate abiria, arudi kutia tena. Ukimwambia angoje magharibi umemwambia alaze chombo. Fundi wa fenicha Kisauni naye hupuliza vanishi adhuhuri ili kitanda kikauke mteja akifika, kitambaa kimefungwa puani, kopo la thina li wazi miguuni. Huyu ananiuma zaidi, maana anauvuta mvuke wenyewe kabla haujawa ozoni. Kufunika kopo hakumpunguzii riziki. Kuhamisha kazi hadi jioni huenda kukampunguzia.

Wapo wasemao: gari langu dogo ni nini mbele ya malori ya makontena Changamwe? Wana haki ya kuuliza, na Kenya ina kanuni za ubora wa hewa tangu 2014, zitumike kwa malori hayo kwanza. Ila penye moshi mwingi wa malori, mara nyingi kinachoamua kiasi cha ozoni ni mvuke, na mvuke huo ni wetu sote. Tena haukai ulipotoka: upepo wa kusi huusukuma bara, ukapikwa njiani, na anayekohoa akawa mtu wa Mazeras asiye na gari.

Kwa hiyo naona zamu ya kwanza ni ya mwenye gari binafsi. Yeye ana mshahara wa mwezi na tangi la kutosha siku kadhaa. Saa ya kwenda petroli stesheni anaichagua mwenyewe.